Karavani Yetu ya Vaughan na Somo la Maji ya Moto

Ukipita kwenye daraja la barabara ya Rutherford hapa Vaughan siku ya Ijumaa jioni, kuanzia katikati ya mwezi wa tano, tazama chini kwenye barabara kuu ya 400. Utaona magari yamejipanga kuelekea kaskazini kama siafu, na karibu kila baada ya gari kadhaa kuna moja linalovuta nyumba. Hizo ndizo karavani. Zina vitanda, jiko, choo na bafu, zote ndani ya chumba kisichozidi kontena la dukani. Watu wamevumilia theluji miezi mitano, sasa wanakimbilia maziwa na misitu.

Kwa miaka sita niliyoishi hapa niliwatazama tu. Vaughan yenyewe si mji wa mapumziko. Ni mji wa nyumba mpya, maghala na barabara pana, wenye watu zaidi ya laki tatu, uliojibandika juu ya Toronto. Treni ya chini ya ardhi ilitufikia Desemba 2017. Hospitali ya Cortellucci ilifunguliwa 2021, pembeni mwa Canada's Wonderland, bustani ya michezo iliyopo tangu 1981. Kutoka dirisha la chumba cha watoto tunauona ule mlima wao wa bandia, na upepo ukivuma kuja kwetu tunasikia watu wakipiga mayowe kwenye mabembea ya reli. Mwanangu wa miaka mitatu huamini kwamba mlima ndio unaolia.

Mwaka jana na sisi tukaingia kwenye msafara wa Ijumaa. Ninachotaka kuwasimulia ni kilichotokea kabla hatujatoka hata nje ya geti, kwa sababu kilikaribia kutuletea msiba, na kisa chake ni kitu ambacho wengi wetu hatukifikirii: joto la maji ya kuoga.

Nonno na karavani yake

Jirani yetu wa mkono wa kulia ni mzee aliyekuja kutoka Italia akiwa kijana, kama wazee wengi wa upande huu wa Woodbridge. Alikuwa fundi bomba maisha yake yote. Watoto wa mtaa mzima humwita Nonno, yaani babu kwa Kiitaliano. Baada ya mkewe kufariki, karavani yao ilikaa mbele ya nyumba miaka miwili bila kusogea. Siku moja akatuambia, nyinyi mna watoto, ichukueni, mtanilipa kidogo kidogo. Tukaichukua.

Wakati huo Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Lushoto. Siku ya kwanza alipokutana na Nonno, Mama alimwamkia "Shikamoo", maana mzee ana miaka themanini na kitu. Mume wangu akamfundisha Nonno kujibu. Tangu hapo kila asubuhi ilikuwa "Shikamoo, mzee", na kutoka upande wa pili wa ua "Marahaba!" kwa sauti ya mtu anayeita teksi. Hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja na hawakuihitaji.

Nonno alitupa sharti moja: kabla ya safari tulale kwenye karavani siku mbili hapa hapa nyumbani. "Kama kuna kilichoharibika," alisema, "afadhali mkijue mkiwa hatua kumi kutoka kitandani kwenu." Tukavuta mpira wa maji kutoka nyumbani, tukaunganisha umeme, watoto wakahamia na mablanketi yao kama wanakwenda ng'ambo.

Maji ya Lushoto

Waliokulia Tanga mjini au Dar watanicheka, lakini Lushoto ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka hadi mlangoni na maji ya bomba yanauma meno. Kwetu maji ya kuoga mtoto yalichemshwa kwa kuni kwenye sufuria nyeusi. Mama alikuwa na utaratibu wake ambao hakuuvunja hata siku moja: maji ya baridi kwanza kwenye beseni, ya moto yanafuata kidogo kidogo kwa kata, kisha anazamisha kiwiko. Kiwiko kikikubali, mtoto anaingia. Kisipokubali, anaongeza ya baridi. Sisi saba tumelelewa kwa kiwiko hicho na hakuna hata mmoja aliyeungua.

Nilipokuwa nasomea stashahada ya uuguzi walitufundisha hilo hilo, ila wakaongeza kipimajoto. Nilipokuja huku kusoma shahada, halafu nikaanza kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, nikakuta jambo hilo limekuwa sheria. Kanuni za Ontario zinataka maji yanayotoka kwenye bafu, shawa na sinki za wazee yasizidi nyuzijoto 49, na ya kuogea yasipungue 40. Kama jengo halina kompyuta ya kuyafuatilia, yanapimwa kila zamu. Kwa hiyo mimi ni mtu ambaye huzunguka na kipimajoto cha maji kazini. Liwekeni hilo akilini, kwa sababu ndilo linalonitia aibu zaidi katika kisa hiki.

Hita isiyo na kitasa

Jioni ya kwanza maji ya karavani yalikuwa vuguvugu tu. Hata ukifungua bomba la moto peke yake, hupati zaidi ya maji ya kumwogeshea mtoto. Mama akafurahi. Hakuhitaji kuchanganya chochote. Alifungua bomba la moto, akapima kwa kiwiko, akamwogesha mjukuu wake, akamaliza. Mimi nilipokuja kuoga baada ya zamu, natetemeka, sikufurahi.

Asubuhi nikaenda kuitafuta hita ili niongeze joto. Iko nje, ubavuni mwa karavani, nyuma ya kidirisha cha bati chenye matundu. Nilitegemea kukuta kitasa cha kuzungusha kama cha pasi. Nikakuta bomba la gesi, kichomeo, valvu ya kutolea shinikizo, na kifuniko kidogo cha mpira chenye nyaya mbili. Kitasa hakuna.

Nonno akaja na kikombe chake cha kahawa, akanieleza. Hita nyingi za karavani zenye tangi hazina kitasa. Themostati yake ni kisahani kidogo kilichokaa chini ya ule mpira, na kimewekwa kiwandani kizime moto maji yakifika kati ya nyuzi 54 na 60, kutegemea aina. Kando yake kuna kisahani cha pili cha usalama: cha kwanza kikishindwa kazi na maji yakipanda kufikia nyuzi 80 hivi, hicho hukata gesi kabisa. "Hiki cha pili," alisema akikigusa kwa kidole, "usimruhusu mtu yeyote akuambie kwamba kinaweza kurukwa kwa waya." Hita za kisasa zisizo na tangi, zinazopasha maji yakiwa yanapita, ndizo zenye vitufe vya kuchagua nyuzi. Yetu si ya aina hiyo.

"Basi kwa nini maji ni vuguvugu?" nikauliza.

Akacheka, akaingia ndani, akafungua mlango mdogo chini ya kitanda. Nyuma ya hita kulikuwa na valvu ya kupitisha maji pembeni. Kila vuli, kabla baridi haijaanza, wenye karavani humwaga maji yote ya hita na kuingiza dawa ya waridi ya kuzuia kuganda kwenye mabomba, maana maji yakiganda hupasua kila kitu. Ili dawa hiyo isijaze tangi, valvu hugeuzwa maji yapite pembeni. Yetu ilikuwa imesahaulika nusu njia tangu majira ya baridi. Maji ya baridi yalikuwa yanajipenyeza na kuchanganyika na ya moto kabla hayajafika bombani. Hita ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Nonno akaigeuza valvu robo mduara. "Sasa utapata maji," akasema.

Nikamshukuru, nikalala, jioni nikaamka kujiandaa kwa zamu ya usiku. Sikumwambia Mama.

Jioni ya pili

Nilikuwa nafunga viatu niliposikia kishindo cha beseni na mtoto akilia kwa sauti ambayo mzazi anaitambua hata akiwa usingizini. Nilivuka ule ua bila kujua nimevukaje.

Mama alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Alifungua bomba la moto peke yake, kama jana. Alipima kwa kiwiko, na kiwiko kilisema kweli, kwa sababu maji yanayotoka mwanzo ni yale yaliyopoa ndani ya bomba. Akamweka mjukuu kwenye beseni, bomba likiendelea kutiririka. Ndipo maji ya tangi yakafika. Aliona mvuke, akaingiza mkono wake wa kushoto chini ya bomba kumkinga mtoto, na kwa mkono wa kulia akamnyanyua. Mtoto hakupata hata tone. Alilia kwa sababu alirushwa kitandani kama mfuko wa unga. Mkono wa Mama ulikuwa mwekundu kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo.

Alichotaka ni dawa ya meno. Halafu asali. Halafu akauliza kama nina unga wa ngano. Mnawajua mama zetu. Nikamshika mkono nikauweka chini ya maji ya baridi ya bomba, nikaangalia saa, nikamwambia dakika ishirini. "Mwanangu, yananiuma kuliko yale ya moto," alisema. Nikamwambia najua, Mama, tulia. Pete yake ya ndoa niliivua mapema kabla kidole hakijavimba. Nilipiga simu kazini kusema sitafika.

Lengelenge mbili zilitokea usiku. Asubuhi nilimpeleka kliniki, kwa sababu kuungua mkono kwa mtu mzima wa miaka sitini na sita si jambo la kutibia jikoni, hata kama mwenye jiko ni nesi. Hakutaka kwenda, akiogopa gharama. Wageni kama yeye hawamo kwenye bima ya afya ya mkoa. Lakini Mama alikuja kwa ile viza ndefu ya wazazi na mababu, ambayo haitolewi bila bima binafsi ya angalau dola 100,000. Wale wanaolalamika kwamba bima hiyo ni fedha ya kutupa, mimi siku hizi huwanyamazia. Alifungwa bandeji, akaambiwa asitumbue, na baada ya wiki mbili mkono ukapona.

Nipunguze au nisipunguze?

Usiku ule, Mama amelala, nilikaa mezani kutafuta hasira yangu niielekeze wapi. Wazo la kwanza lilikuwa nimtafute fundi abadilishe kile kisahani, hita ishuke hadi 49 kama kazini, tumalizane.

Kisha nikapiga hesabu, na nikakumbuka nilichosomeshwa.

Kuhusu kuungua, mambo yanajulikana tangu 1947, Moritz na Henriques wa Harvard walipopima jinsi joto na muda vinavyoshirikiana kuharibu ngozi. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde tano hivi. Mtoto na mzee, ambao ngozi yao ni nyembamba, huhitaji muda mfupi zaidi. Kwa nyuzi 49 unazungumzia dakika kadhaa, muda wa kutosha wa kuruka. Nyuzi kumi na moja tu, na ndizo tofauti kati ya kushtuka na kupelekwa hospitali.

Lakini tangi nalo lina sababu yake ya kuwa moto. Kuna bakteria aitwaye Legionella, aliyepata jina lake kutoka kwa wanachama wa chama cha askari wastaafu wa Marekani waliougua kichomi kwenye mkutano wao huko Philadelphia mwaka 1976. Hupenda maji yaliyotulia ya nyuzi 20 hadi 45, na mtu humpata kwa kuvuta mvuke au matone, kama ya shawa. Kwenye nyuzi 60 hafui dafu. Karavani hukaa wiki nzima bila kutumika, na tangi la vuguvugu ndilo nyumba yake.

Tena kuna suala la ndoo. Tangi letu ni la galoni 6, yaani karibu lita 23. Chukua maji ya baridi ya nyuzi 10, kama yalivyo hapa mwezi wa tano, na utake kuoga kwa nyuzi 40. Tangi la nyuzi 60 litakupa kama lita 38, karibu ndoo mbili za kwetu. Tangi la nyuzi 49 litakupa lita 30, ndoo moja na nusu. Kwa familia ya watu watano hiyo nusu ndoo ni mtu mmoja anayelala bila kuoga.

Asubuhi nikamweleza Nonno. Alikuwa amejiinamia muda wote, akijilaumu kwa kugeuza valvu. Nilimwambia aliyegeuza si mwenye kosa, mwenye kosa ni aliyejua akanyamaza. Akanichukua hadi chumba cha chini cha nyumba yangu mwenyewe, mbele ya hita kubwa ambayo nimeilipia kodi kila mwezi bila kuitazama. Juu ya tangi, mahali bomba la moto linapotokea, kulikuwa na kifaa cha shaba chenye matundu matatu. "Tangi lako ni moto," alisema. "Hiki ndicho kinachochanganya."

Ndipo nikaelewa. Tangu 2004, nyumba mpya za Ontario hujengwa kwa masharti kwamba maji yanayofika bombani yasizidi nyuzi 49, na kifaa kile ndicho hufanya kazi hiyo, mchana na usiku, pasipo mtu kukiona. Miaka sita nilidhani Kanada imeachana na kiwiko cha Mama. Kumbe wamekificha chumba cha chini, kikiwa cha shaba. Kwenye karavani yetu hakikuwepo. Pale mchanganyaji alikuwa ni sisi, na mimi sikumwambia mchanganyaji kwamba sufuria imechemka.

Kiwiko cha shaba

Nonno alinunua valvu ndogo ya aina hiyo, akaifunga kwenye bomba linalotoka nyuma ya hita, ya baridi ikiingia upande mmoja na ya moto upande mwingine. Kazi ilimchukua asubuhi moja, na upande wa gesi hakuugusa kabisa. Hapa Ontario gesi ni ya fundi mwenye cheti, na mzee huyo huheshimu mipaka ya ufundi kuliko watu wengi wanavyoheshimu sheria za barabarani. Hita ikabaki na joto lake. Valvu tuliiweka kwenye nyuzi 45. Nikaleta kipimajoto, nikaacha maji yatiririke dakika mbili nzima, nikasoma 44. Nikapima jikoni pia. Nikaandika kwenye karatasi na tarehe, kama nifanyavyo kwa wazee wangu, nikaibandika mlangoni pa bafu.

Mama alitazama yote hayo akiwa na bandeji yake. Akauliza kile chuma kinafanya nini. Nikamwambia kinachanganya ya moto na ya baridi kabla hayajatoka. Akafikiri kidogo. "Na chenyewe kikiharibika, nani atakiambia?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo jibu ninalolijua ni lake.

Wiki tatu baadaye tuliingia barabara ya 400 siku ya Ijumaa, tukaupita mlima wa Wonderland, tukaipita Barrie, tukafika hifadhi ya Awenda, kwenye misitu ya ukingo wa Georgian Bay. Ziwa lilikuwa baridi kama Lushoto ya mwezi wa saba. Jioni nilimkuta Mama kwenye lile bafu la kubanana. Alikuwa amefungua maji yakatiririka hadi yakatulia, akajaza beseni, akafunga bomba, akazamisha kiwiko, na ndipo akamwita mjukuu. Nikamwambia, Mama, valvu ipo. Akasema, "Najua. Na mimi nipo."

Kwa wanaopanga safari

Mkikodi au kununua karavani, ulizeni hita ni ya tangi au isiyo na tangi, na kama ina valvu ya kuchanganya. Maji yakiwa vuguvugu, msikimbilie themostati. Angalieni kwanza valvu ya majira ya baridi, na bomba la shawa la nje kama halikuachwa wazi. Msiwashe hita ikiwa tangi ni tupu. Karavani ikikaa wiki kadhaa, mwageni maji ya tangi. Kumbukeni pia kwamba mtu akifungua bomba la jikoni wakati mwingine yuko bafuni, joto linaweza kubadilika ghafla, basi pigeni hodi.

Kwa mtoto, jazeni beseni kwanza, fungeni bomba, pimeni, ndipo aingie. Asiwekwe kamwe chini ya bomba linalotiririka. Mtu akiungua, maji ya bomba ya baridi dakika ishirini, si barafu, si dawa ya meno, si asali. Kisha daktari, hasa akiwa mtoto, mzee, au palipoungua ni uso, mkono au sehemu za siri.

Na ukirekebisha chochote nyumbani ambako kuna mzazi mgeni, mwambie siku hiyo hiyo. Mama amesharudi Lushoto. Kila Jumapili tukiongea kwa simu, Nonno akiwa uani hupaza sauti "Marahaba!" kabla hata hajaamkiwa, na Mama, upande ule, huinua mkono wa kushoto mbele ya kamera kumwonyesha kwamba umepona.